Mdomo sungura: midomo tumeihesabu, kaakaa je?

Tangazo lenyewe wengi tumelizoea. Husomwa redioni, hubandikwa kwenye mbao za hospitali, siku hizi hutumwa hadi kwenye makundi ya WhatsApp: upasuaji wa mdomo sungura, bure, kwa watoto na watu wazima. Na ni bure kweli. Shirika la Smile Train, lililoanzishwa Marekani mwaka 1999, hugharamia upasuaji unaofanywa na madaktari wa humu humu nchini katika hospitali kama CCBRT ya Dar es Salaam na Bugando ya Mwanza. Uganda wana CoRSU, pale Kisubi kwenye barabara ya Entebbe. Operation Smile, iliyoanza mwaka 1982, ilijulikana zaidi kwa kuleta timu za madaktari kutoka nje kwa muda mfupi, ingawa nayo imehamia kwenye kufundisha wenyeji, na Rwanda ni mfano mmojawapo. Kwa hiyo swali la nani atalipia upasuaji limepata jibu kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo bado watoto wanafariki kabla ya kufika kwenye meza ya upasuaji, na wengine wanaoshonwa vizuri wanaanza darasa la kwanza mwalimu haelewi wanachosema.

Sababu yake, kwa maoni yetu, ni kwamba tunapima huduma hii kwa kitu kisichofaa. Tunahesabu midomo iliyoshonwa. Tungehesabu kaakaa, yaani paa la kinywa, mipango yetu ingebadilika kuanzia wodi ya wazazi.

Jina la mdomo sungura hubeba matatizo mawili yasiyofanana. Mdomo wa juu huungana kati ya wiki ya 4 na ya 7 ya mimba. Kaakaa hufuata kati ya wiki ya 6 na ya 9. Mtoto anaweza kuzaliwa na mpasuko wa mdomo tu, wa mdomo pamoja na ufizi na kaakaa, au wa kaakaa peke yake huku uso ukiwa mzima kabisa. Mpasuko wa mdomo huonekana na kila anayeingia kumwona mzazi. Unampa mama aibu asiyostahili na huwapa wafadhili picha ya kabla na baada. Lakini mtoto mwenye mpasuko wa mdomo tu mara nyingi hunyonya, hukua, na husema kama wenzake. Mwenye mpasuko wa kaakaa ndiye maziwa humtokea puani, ndiye hupaliwa, ndiye masikio yake hujaa majimaji nyuma ya ngoma hadi akasikia kwa shida, na ndiye sauti yake hupotelea puani. Hana picha ya kupigwa. Ukimfungua kinywa kwa kamera utaona giza tu.

Tuanze na hesabu. Utafiti wa madaktari wa CoRSU uliochapishwa mwaka 2011 ulikadiria kwamba Uganda huzaliwa watoto 0.73 wenye mpasuko katika kila vizazi hai 1,000. Makadirio ya dunia hutajwa kuwa mmoja katika 700 hivi. Tanzania huzaliwa watoto zaidi ya milioni 2 kwa mwaka, kwa hiyo kwa kipimo cha Uganda ni kama watoto 1,500 kila mwaka, na kwa kipimo cha dunia wanakaribia 3,000. Jambo la kuangalia ni mgawanyo wao. Ulaya, takriban theluthi ya watoto hawa huwa na mpasuko wa kaakaa peke yake. Katika rekodi za hospitali nyingi za Afrika kundi hilo ni dogo mno. Huenda asili ya watu inachangia tofauti hiyo kwa sehemu. Lakini sehemu nyingine ni watoto ambao hakuna aliyewaangalia kinywani, na ambao kifo chao kiliandikwa nimonia au utapiamlo.

Kumwangalia mtoto kinywani hakuhitaji mashine. Inatakiwa tochi, kijiti cha kubania ulimi, na dakika moja kabla mama hajaruhusiwa. Mtoto akilia, mkunga anamulika hadi nyuma kabisa, aone kaakaa gumu la mbele, kaakaa laini la nyuma na kimeo. Kisha anapitisha kidole kilichovaa glovu kutoka kwenye ufizi kurudi nyuma. Kidole peke yake hakitoshi, kwa sababu mpasuko mwembamba wa kaakaa laini hukipita bila kuhisiwa. Tochi peke yake nayo haitoshi, kwa sababu kuna mpasuko uliofunikwa na ngozi nyembamba ya ndani. Huo uliofichika una alama tatu: kimeo kilichogawanyika mara mbili, mstari unaong'aa katikati ya kaakaa laini, na pengo dogo la mfupa unalolihisi pale kaakaa gumu linapoishia. Hapa kuna balaa letu wenyewe. Mtoto anayekohoa na kupaliwa kila akinyonya ni rahisi kupelekwa kwa fundi kukatwa kimeo. Akishakatwa, alama ya kwanza imeondoka, kidonda kimeongezeka, na mpasuko uko pale pale. Tena mkunga akiona kidevu kimerudi nyuma sana na mtoto anakoroma akilala chali, asisubiri: ulimi unaziba njia ya hewa. Amlaze kifudifudi au ubavu, chini ya uangalizi, na ampeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa ulishaji, ambako ndiko watoto wanakokufa. Mtoto hunyonya kwa kuvuta, na kuvuta kunataka kinywa kilichofungwa pande zote; mwenye mpasuko wa kaakaa ni kama mtu anayenyonya soda kwa mrija uliotoboka. Ataonekana yuko ziwani saa nzima, mashavu yanacheza, mama anaridhika, na tumboni hakuna kitu. Mtoto huyo anatumia nguvu kuliko anazopata. Wauguzi wengi humwambia mama aendelee kumweka ziwani mara kwa mara, ushauri mzuri kwa mtoto mwingine yeyote, na kwa huyu unamuua taratibu.

Kinachofanya kazi ni maziwa ya mama yaliyokamuliwa kwa mkono na kunyweshwa kwa kikombe kidogo au kijiko. Kiasi kinajulikana. Baada ya wiki ya kwanza mtoto anahitaji mililita 150 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mwenye kilo 3 anahitaji 450, ambazo zikigawanywa kwa milo minane ni kama mililita 55 kila baada ya saa tatu, usiku na mchana. Siku ya kwanza huanza na 60 kwa kilo, kisha huongezwa 20 hivi kila siku mpaka ifike 150. Mama apewe kikombe chenye alama, au achorewe mstari kwenye kikombe chake, kwa sababu neno "kidogo kidogo" halina mililita. Mtoto akae wima mapajani, kichwa kimeshikwa, ukingo wa kikombe uguse mdomo wa chini, maziwa yafike midomoni ayachukue mwenyewe kwa ulimi. Usimmiminie. Yakitoka puani si hatari: simama kidogo, mfute, endelea. Kila baada ya muda mfupi mpigishe mbweu, maana humeza hewa nyingi. Mlo usizidi dakika 30. Ukizidi, mtoto anachoka na kuunguza alichokula. Kama kuna chupa, iwe ya plastiki laini inayobinyika, chuchu yake ikatwe kwa umbo la msalaba, na mama abinye kwa kufuata mwendo wa mtoto anavyomeza. Lakini pasipo maji ya uhakika ya kuchemshia, kikombe ni salama kuliko chupa yoyote. Maziwa yaliyokamuliwa yasikae nje zaidi ya saa nne, na kwa joto la pwani pungufu ya hapo ni bora.

Mama huyu pia anahitaji kuambiwa kwamba maziwa yatakauka kama hakamui. Mtoto havuti, kwa hiyo mwili hauna taarifa. Akamue mara nane kwa siku hata kama kinachotoka mwanzoni ni matone.

Mafanikio hupimwa kwa mizani. Mtoto wa miezi ya mwanzo anatakiwa kuongezeka gramu 20 hadi 30 kwa siku, yaani kama 150 hadi 200 kwa wiki, na katika miezi miwili ya kwanza apimwe kila wiki badala ya kusubiri kliniki ya mwezi. Hapo tunagonga mwamba mwingine. Mizani ya kuning'iniza iliyoko kwenye zahanati nyingi husoma kwa hatua za gramu 100. Ongezeko zuri la wiki nzima ni alama moja au mbili; mtoto akirusha mguu sindano inaruka zaidi ya hapo. Zahanati inayomlea mtoto mwenye mpasuko inahitaji mizani ya watoto wachanga inayosoma gramu 10, na mtoto apimwe akiwa uchi. Ongezeko lililo chini ya gramu 100 kwa wiki baada ya wiki mbili za kwanza ni sababu ya kupiga simu hospitali siku hiyo, ili aangaliwe anavyolishwa na ikibidi awekewe mrija wa puani kwa siku chache.

Tunasisitiza uzito kwa sababu ya kanuni moja ambayo kila daktari wa fani hii anaijua: wiki 10, pauni 10, damu gramu 10. Mtoto afanyiwe mdomo akifikisha wiki 10, kilo 4.5 na wingi wa damu (himoglobini) wa gramu 10 kwa desilita. Ni kanuni ya zamani na nzuri, lakini inatumika kama lango la kufungia watu nje. Mama amesafiri na mtoto wa miezi minne mwenye kilo 3.2. Anapimwa, anaandikiwa kwenye kadi "uzito hautoshi, arudi akiongezeka", na anaondoka. Hakuna aliyemwonyesha kikombe. Hakuna aliyemuuliza anakamua au la. Mtoto aliyeshindwa kuongezeka kwa miezi minne ataongezeka kwa miujiza gani akirudishwa na maelekezo yale yale? Hospitali yoyote inayopokea fedha za upasuaji ingelazimishwa na masharti ya mkataba kuwa na kitanda cha lishe na muuguzi wa kulisha, na mtoto asiyefikisha kilo alazwe au apewe tarehe ya wiki ijayo, si ya "akiongezeka".

Damu nayo ina kazi yake. Mtoto wa kilo 4.5 ana damu ya mililita 360 hivi mwilini, mwenye kilo 8 ana kama 640. Kwa huyu wa pili, kupoteza mililita 64 wakati wa upasuaji wa kaakaa ni sehemu ya kumi ya damu yake yote, na shashi chache zilizolowa zinafika hapo bila mtu kushtuka. Ndiyo maana malaria hupimwa na kutibiwa mapema, madini chuma huanzishwa wiki kadhaa kabla, na Kanda ya Ziwa, ambako sikoseli ni nyingi, kipimo chake kisirukwe. Kuambiwa "damu ndogo, rudi nyumbani" bila dawa mkononi ni lile lango lingine.

Kuhusu chanzo tusikae sana. Ni mchanganyiko wa urithi na mazingira; baadhi ya dawa za kifafa kama valproate, sigara na pombe huongeza uwezekano, na mara nyingi hakuna kinachopatikana. Wazazi wenye mtoto mmoja wa namna hii wana uwezekano wa kama 3 hadi 5 kati ya 100 wa kumpata mwingine. Hakuna laana na mama hakumcheka mtu. Hili lisemwe mbele ya baba na bibi, si kwa mama peke yake, kwani wao ndio watakaoamua kama nauli itatoka.

Nauli, ndiyo. "Bure" ya tangazo ni ya upasuaji, na mashirika mengine huongeza usafiri. Haijumuishi siku kumi za mama kuwa nje ya shamba au genge, wala mtu wa kubaki na watoto wengine, wala dawa anayoambiwa akanunue nje kwa sababu stoo imeishiwa, ingawa kisera mtoto wa chini ya miaka 5 hatozwi. Anayetoka Kigoma kwenda Dar es Salaam anavuka zaidi ya kilomita 1,000. Fedha ya nauli ikitumwa kwenye simu ya mama kabla ya safari, wengi hufika. Ikiahidiwa kurudishwa baada ya kuonyesha tiketi, wenye shida zaidi ndio hawaji, kwa sababu hawana cha kuanzia.

Umbali huo ndio huzaa dai linalosikika kila mwaka: upasuaji ushushwe hadi kila wilaya. Kwa kaakaa tunalipinga. Mwaka 1998 tume iliyochunguza huduma hii Uingereza ilikuta watoto wakifanyiwa upasuaji katika vituo 57, vingi vikiwa na wagonjwa wachache na matokeo duni ya meno, uso na usemi. Ilipendekeza vibaki kati ya 8 na 15, kila mpasuaji awe na wagonjwa wapya wasiopungua 40 hivi kwa mwaka. Hiyo ni nchi yenye barabara na fedha. Mkono unaotengeneza kaakaa tano kwa mwaka haujifunzi, na wa kulipa ni mtoto.

Mdomo unaweza kushuka chini zaidi. Mtu mzima mwenye mpasuko wa mdomo tu hushonwa kwa ganzi, yuko macho, katika hospitali ya rufaa ya mkoa yenye daktari aliyefundishwa. Kaakaa, ambayo hutengenezwa mtoto akiwa na miezi 9 hadi 18, haina njia hiyo. Inataka usingizi kamili kwa mtoto mdogo, huku mpasuaji na mtaalamu wa usingizi wakigombea kinywa kimoja. Bomba la hewa lazima liwe lile lililopindwa kuelekea kidevuni, libandikwe katikati ya mdomo wa chini. Chombo cha kuachamisha kinywa kikifunguliwa kinaweza kulibana bomba au kulisukuma ndani likaingia pafu moja, kwa hiyo kifua husikilizwa upya kila chombo hicho kinaposogezwa. Bila oksimita ya kidole, inayopima oksijeni ya damu, na kipimo cha hewa inayotoka, kosa hilo linagunduliwa mtoto akishabadilika rangi. Shashi inayowekwa kooni kuzuia damu ihesabiwe kwa sauti na iandikwe ubaoni; iliyosahaulika huziba koo mara bomba likitolewa. Dawa ya adrenalini inayochomwa kwenye kaakaa ili kupunguza damu hudungwa na kusubiriwa dakika 7 hadi 10, na hizo dakika ndizo zinazoibwa siku yenye foleni ndefu.

Foleni hiyo ina madhara mengine yanayoanzia wodini. Mama huambiwa mtoto asile kitu tangu saa mbili usiku, halafu anaingia chumba cha upasuaji saa saba mchana, ameishiwa maji na sukari. Maziwa ya mama husimamishwa saa nne kabla ya upasuaji, maziwa mengine na uji saa sita kabla, maji meupe saa mbili kabla. Wadogo kabisa waingie kwanza. Ni mpangilio wa karatasi tu, hautaki mfadhili.

Kwa sababu hizi kambi za wiki moja tunaziona na faida yake na mpaka wake. Zinafaa kwa kutafuta wagonjwa, kwa midomo, na kwa daktari wa hapa kusimama kando ya bingwa na baadaye kushika kisu mwenyewe. Hata zile kambi za madaktari bingwa wa Rais Samia zinazozunguka halmashauri zingeweza kuangalia vinywa vya watoto wote wanaoletwa kwa kukohoa na kutokukua. Lakini kaakaa inayofanyiwa Ijumaa na timu inayoondoka Jumamosi ni jambo la kukataa. Usiku wa kwanza ulimi unaweza kuvimba na kidonda kutoa damu; anatakiwa muuguzi anayemwangalia mtoto mmoja mmoja, oksijeni na mashine ya kufyonza karibu, na daktari anayeweza kumrudisha mezani. Na tatizo kubwa la kaakaa halionekani wiki hiyo.

Tatizo hilo ni tundu linalobaki, mara nyingi pale kaakaa gumu linapokutana na laini. Hutokea nyuzi zikivutwa sana, damu ikiganda chini ya ngozi, maambukizi yakiingia, au mtoto mwenye utapiamlo akikosa cha kuponea. Nyumbani husababishwa na kijiko kilichochoma, kidole, au chipsi alizopewa na kaka yake. Wiki mbili za kwanza ni maziwa, supu iliyochujwa na uji mwepesi kwa kikombe, bila mrija wala kijiko kuingia ndani, na maji safi baada ya kila mlo ili kusuuza nyuzi. Maumivu yatibiwe: parasetamoli miligramu 15 kwa kilo kila saa sita siku za mwanzo, kwa sababu mtoto mwenye maumivu hali, na asiyekula haponi. Tundu likibaki, lisifungwe kabla ya miezi sita. Kituo ambacho hakijui matundu yake ni mangapi kati ya kaakaa mia hakijui kazi yake, hata kama kina albamu nzuri ya midomo.

Tufike kwenye usemi, ambao ndio sababu hasa ya kutengeneza kaakaa mapema. Lugha yetu hutuonyesha tatizo waziwazi. Herufi m, n na ng' hutoka puani kwa kila mtu. Lakini p, b, t, d, k, ch na s zinahitaji hewa ibanwe kinywani, na kaakaa laini ndilo linalofunga mlango wa pua. Lisipofunga, "baba" husikika kama "mama", "dada" kama "nana". Mtoto mwerevu hatulii hapo. Anatafuta mahali pengine pa kubana hewa na kupapata kooni, kwa hiyo "kaka" inakuwa "a'a" ya kukatakata. Mazoea hayo yakikaa hayaondoki kwa kushonwa. Mama anatarajia kwamba kaakaa ikiziba mtoto atasema, anasubiri mwaka, miaka miwili, na hakuna aliyemwambia kwamba ulimi na koo vimeshajifunza vibaya.

Kupima ni rahisi. Mtoto wa miaka 3 aseme "babu apika pilau", "kaka akata keki", "saa sita", sentensi zisizo na m wala n hata moja, huku kioo kidogo kikiwa chini ya pua. Kioo kikipata ukungu, hewa inavuja. Kisha aseme "pa-pa-pa" mara moja akiwa amezibwa pua na mara moja akiwa hajazibwa. Sauti ikibadilika, hewa ilikuwa ikipita puani. Kama kosa ni la kubana kooni, dawa yake ni mazoezi: anza na p, sema "pha" yenye pumzi ndefu, kwa sababu koo haliwezi kubana na kupumua kwa pamoja, kisha punguza pumzi taratibu mpaka ibaki "pa". Kwanza silabi, halafu neno, halafu sentensi. Dakika 10 mara mbili kwa siku akiwa na mama zina faida kuliko saa nzima na mtaalamu mara moja kwa mwezi. Kupuliza puto na filimbi, ushauri unaotolewa karibu kila mahali, hakufundishi usemi; mtoto anakuwa hodari wa kupuliza puto. Na kama ulimi umekaa mahali pake lakini hewa bado inavuja, hapo mazoezi yaishie. Kaakaa ni fupi au halifiki, na anahitaji upasuaji wa pili.

Wataalamu wa usemi katika nchi zetu ni wachache mno, na wengi wako mijini. Lakini kazi hii kwa sehemu kubwa inagawanyika. Mtaalamu mmoja aliyeko kituoni anaweza kusikiliza rekodi za simu kutoka mikoani, kuamua huyu ni wa mazoezi na huyu ni wa kisu, na kumwelekeza muuguzi wa wilaya au mwalimu wa awali zoezi la mwezi huu. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kubeba kioo. Ndiyo maana tunasema upasuaji wa kaakaa ukae kwenye vituo vichache, na kila kingine, yaani tochi, kikombe, mizani, kioo, kipimo cha kusikia, kiwe karibu na nyumbani. Sasa hivi tunafanya kinyume: tunazungusha kisu mikoani na kuacha ulishaji na usemi Dar es Salaam.

Mabadiliko ya haraka yangetoka kwa wanaolipa. Mkataba unaolipa kwa kila upasuaji, mdomo na kaakaa vikihesabiwa kitu kimoja, utaleta midomo, kwa sababu ni ya muda mfupi na hatari ndogo. Lipa pia mtoto aliyefikisha kilo 4.5 akiwa hai. Lipa kaakaa iliyokaguliwa baada ya miezi sita na kukutwa haina tundu. Lipa rekodi ya usemi ya miaka 5, sentensi zile zile tatu. Na daftari la leba liandike kama kaakaa ilimulikwa, ndiyo au hapana, kwa kila mtoto. Mwaka mmoja wa daftari hilo ungetuambia idadi halisi kuliko makadirio yote yaliyopo.

Wako pia watu wazima, vijana wa miaka 20 na 30 wenye kaakaa wazi, wanaojitokeza kila tangazo likisomwa. Wanastahili kutengenezwa, kwa ajili ya chakula kisichowatoka puani na kwa ajili ya kukaa mezani na wengine. Ila waambiwe kabla ya kusaini fomu: sauti haitabadilika sana, na kwa baadhi haitabadilika kabisa. Wengi huja kwa ajili ya sauti. Daktari akiyasema hayo siku ya kwanza kliniki, baadhi wataahirisha wakafikirie, na hiyo ni haki yao. Akinyamaza, watagundua wenyewe kidonda kikishapona.